Jinsi ya Kupima Nafasi ya Mwanafunzi wa Afrika Mashariki Kudahiliwa katika Vyuo Vikuu vya Marekani Vyenye Ushindani Mkali

Kila matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, wapo wazazi wanaonifuata shuleni wakiwa na karatasi yenye daraja la kwanza la pointi 7, ambazo ndizo bora kabisa Tanzania, na swali lao huwa moja: je, mwanangu anaweza kuingia Harvard? Ni swali la haki, na anayeliuliza anastahili jibu lililopimwa. Kwa bahati mbaya majibu mengi anayokutana nayo ni ya aina mbili. Mmoja humwambia kwamba kwa alama hizo mlango uko wazi; mwingine humwambia kwamba vyuo vile ni vya watoto wa matajiri, asijisumbue. Wote wawili hujibu kabla ya kulifungua faili la mtoto.

Mwongozo huu unaeleza namna ninavyoifanya tathmini hiyo kwa mwanafunzi wa Tanzania au Kenya anayetaka kusoma shahada ya kwanza katika vyuo vya Marekani ambavyo hupokea waombaji wachache sana, kwa kawaida chini ya 10 kati ya kila 100. Kazi yenyewe huchukua jioni mbili au tatu. Unahitaji intaneti, daftari, vyeti vya mtoto, na ukweli mtupu kuhusu kipato cha familia.

Kwanza tuiweke mahali pake ile asilimia inayotajwa na kila mtu. Kwa wanafunzi waliotarajiwa kuanza mwaka 2024, Harvard ilipata maombi 54,008 na ikawapa nafasi waombaji 1,937, yaani asilimia 3.59. Namba hiyo ni sahihi, lakini ndani yake wamo wanamichezo waliosajiliwa na makocha, ambao nyaraka za kesi ya kupinga udahili wa Harvard iliyosikilizwa Boston mwaka 2018 zilionyesha kuwa zaidi ya 80 kati ya kila 100 hupokelewa. Wamo pia watoto wa watu waliosoma hapo na watoto wa wafadhili. Ukiwatoa hao, wanaobaki wanagombea asilimia ndogo zaidi. MIT, chuo cha teknolojia cha Massachusetts ambacho hutenganisha takwimu za waombaji wa kigeni, kwa miaka ya karibuni kimekuwa kikipokea takriban 2 tu kati ya kila 100 wao. Asilimia ya chuo, basi, hueleza ugumu wa mlango. Nafasi ya mwanafunzi huyu mmoja inabidi itafutwe kwa njia nyingine.

Hatua ya kwanza: pima fedha kabla ya alama

Washauri wengi huanza na alama na kuacha fedha mwishoni. Kwa mtoto wa mwalimu wa Sumbawanga au wa mkulima wa Kericho, huko ni kuanza kinyume. Gharama za mwaka mmoja katika vyuo hivi, zikijumuisha ada, malazi na chakula, zimepita dola 80,000, na namna chuo kinavyoichukulia hali ya mwombaji asiye na fedha hizo hubadilisha nafasi yake kuliko jambo lingine lolote nitakalolitaja hapa.

Vyuo viko katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni vile vinavyomchagua mwanafunzi wa kigeni bila kutazama kama anaweza kulipa, kisha humpa msaada wa kufidia chote ambacho familia yake haiwezi kulipa. Kundi hili ni dogo mno: lina Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst, wakaongezeka Dartmouth na Bowdoin mwaka 2022, na baadaye Brown na Notre Dame kwa wanafunzi wanaoanza kuanzia mwaka 2025. Angalia kwamba Amherst na Bowdoin ni vyuo vidogo ambavyo majina yake hayajulikani sana kwetu, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuviweka katika daftari mapema.

Kundi la pili, ambalo ndilo lenye vyuo vingi, hutazama uwezo wa kulipa wakati wa kuchagua. Stanford, Columbia, Cornell na Duke wamo humu kwa wanafunzi wa kigeni. Vyuo hivi vina bajeti ya msaada kwa wageni, lakini bajeti hiyo ina mwisho, na mwanafunzi anayehitaji kulipiwa kila kitu anashindana na wenzake wote wanaohitaji hivyo hivyo. Wanafunzi wawili wenye faili linalofanana, mmoja akilipiwa na baba yake na mwingine akihitaji ufadhili kamili, hawana nafasi sawa hapo, na ni heri familia ilijue hilo mapema kuliko kuja kulishangaa mwezi Machi majibu yanapotoka.

Kwa hiyo andika kwanza kiasi ambacho familia inaweza kutoa kwa mwaka bila kuuza shamba wala kukopa. Kama ni sifuri, andika sifuri. Usikubali ushauri wa kuificha hali hiyo. Miaka kadhaa iliyopita nilimfahamu kijana ambaye wakala alimshauri ajibu kwamba hahitaji msaada wa fedha, kwa hoja kwamba akishapokelewa ndipo ataomba. Alipokelewa kweli. Chuo kikamweleza kwamba mwanafunzi wa kigeni asiyeomba msaada wakati wa maombi haruhusiwi kuuomba baadaye, kanuni ambayo vyuo vingi vya kundi la pili vinayo na ambayo ilikuwa imeandikwa wazi kwenye tovuti yao. Barua ile ya kupokelewa bado iko kabatini kwa mama yake.

Hatua ya pili: soma takwimu ambazo chuo chenyewe kimezitoa

Vyuo vingi vya Marekani hujaza kila mwaka fomu ya pamoja iitwayo Common Data Set na kuiweka mtandaoni. Tafuta jina la chuo pamoja na maneno hayo matatu. Fomu ni ndefu, lakini sehemu nne zinatosha.

Sehemu ya C7 inaonyesha chuo kinazingatia nini, kuanzia matokeo ya darasani, insha na barua za walimu hadi uhusiano na waliowahi kusoma hapo, na kila kipengele kimewekewa uzito wake. Sehemu ya C9 inaonyesha alama za SAT, mtihani wa kupima waombaji wa vyuo vya Marekani, za wanafunzi walioanza, ikitaja alama ambayo robo moja walikuwa chini yake na alama ambayo robo moja walikuwa juu yake. Sehemu ya B2 inataja idadi ya wanafunzi wa kigeni. Sehemu ya H6, ambayo kwangu ndiyo yenye thamani kuliko zote, inataja ni wanafunzi wangapi wa kigeni wa shahada ya kwanza waliopewa msaada na wastani wa msaada huo kwa kila mmoja.

Gawanya idadi ya H6 kwa idadi ya B2. Tuseme chuo kina wageni 400, waliopewa msaada ni 20, na wastani wao ni dola 15,000. Chuo hicho kinatafuta wageni wanaolipa, na mwanafunzi anayehitaji ufadhili kamili hapaswi kulipia hata ada ya maombi huko. Tuseme chuo kingine kina wageni 300, waliopewa msaada ni 200, na wastani unakaribia gharama yote ya mwaka: hicho kiingie kwenye orodha, hata kama hujawahi kukisikia. Nimeona orodha za vyuo 15 zikibaki na vyuo 6 baada ya hesabu hii moja, na mwanafunzi akapata muda wa kuziandika vizuri insha za hivyo 6.

Hatua ya tatu: pima masomo ndani ya shule yake, kisha nje ya shule

Maafisa udahili wa vyuo hivi husoma faili kwa kuuliza mwanafunzi amefanya nini na kile alichokuwa nacho. Wewe nawe uliza hivyo hivyo, kwa namba. Katika kidato chake walikuwa wangapi? Yeye alikuwa wa ngapi? Katika miaka mitatu iliyopita, ni wangapi shuleni hapo waliopata matokeo kama yake? Daraja la kwanza la pointi 7 kutoka shule ya kata ambayo haijawahi kulipata lina uzito kuliko lile lile kutoka shule ambayo nusu ya darasa hulipata. Hili ni la kweli, lakini mipaka yake nitaieleza punde.

Kwa Tanzania kuna ugumu wa kipekee. Alama A katika kidato cha nne huanzia 75, hivyo mwenye 76 na mwenye 97 wana herufi moja kwenye cheti. Baraza la Mitihani nalo liliacha kutangaza shule na wanafunzi kumi bora kuanzia matokeo ya kidato cha nne yaliyotoka Januari 2023, kwa hiyo ushahidi wa kwamba mtoto ni wa pekee hauwezi tena kutoka gazetini. Ni lazima utoke kwa mkuu wa shule. Zaidi ya hapo, mwanafunzi wa kidato cha sita hutuma maombi kati ya Novemba na Januari, wakati mtihani wake wa taifa ni Mei. Mtihani wa taifa pekee ambao afisa udahili atauona ni wa kidato cha nne, pamoja na ripoti za muhula na makadirio ya walimu. Kwa sababu hiyo, aliyepata pointi 7 kidato cha nne akaporomoka kidato cha tano ana kovu linaloonekana, na aliyeanza na pointi 12 kisha akaongoza tahasusi yake ya PCM (fizikia, kemia na hisabati) kwa mihula mitatu mfululizo ana hadithi nzuri ya kueleza.

Kwa Kenya picha ni tofauti kidogo. Katika mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, KCSE, wa mwaka 2024, kati ya watahiniwa zaidi ya 960,000, waliopata wastani wa A kamili walikuwa 1,693. Mwenye A hiyo anajua anasimama wapi, na kwa kuwa mtihani ni Novemba, wengi husubiri matokeo ndipo waombe mwaka unaofuata. Hata hivyo, watu 1,693 katika nchi moja ni wengi mno kwa vyuo vinavyochukua Wakenya wachache tu kila mmoja.

Sasa mtihani wa SAT, ambao alama zake huanzia 400 hadi 1600. MIT ilirudisha sharti la mtihani huu mwaka 2022, na mwaka 2024 vyuo vya Dartmouth, Yale, Harvard, Brown na Caltech vikatangaza kurudisha masharti ya mitihani, ingawa Yale huruhusu mitihani mingine badala yake. Nusu ya katikati ya wanafunzi wa vyuo vya namna hii huwa takriban kati ya 1500 na 1580, na kwa MIT upande wa hesabu huanzia 780 kati ya 800. Dartmouth, katika kueleza uamuzi wake, ilisema kwamba alama za 1400 na kitu kutoka shule ambayo alama kama hizo ni nadra zinaweza kumsaidia mwombaji. Naliamini hilo, na nimewaambia wanafunzi wasifiche 1440 yao. Lakini hapa ndipo ilipo mipaka niliyoitaja: mazingira magumu humpa mwanafunzi msomaji mwenye huruma na makini, na bado chuo lazima kiridhike kwamba ataimudu hesabu ya mwaka wa kwanza. Kwa mwombaji wa uhandisi mwenye 640 za hesabu, mimi huandika bila kusita kwamba nafasi yake katika vyuo hivi iko karibu na sifuri kwa mwaka huo, kisha tunajadili kama kuna muda wa kurudia mtihani.

Hatua ya nne: pima yale yasiyo na cheti

Kesi ile ya Boston iliweka hadharani jinsi wasomaji wa Harvard wanavyopanga mafaili. Kila mwombaji hupewa namba kuanzia 1, ambayo ndiyo bora, hadi 6, kwa masomo, shughuli za nje ya darasa, michezo, na utu wake. Barua za walimu nazo hupewa namba. Mbili katika masomo ni mwanafunzi bora mwenye alama za juu sana. Moja ni nadra, kwa kuwa huhitaji pia dalili za usomi wa pekee, kwa mfano kazi yake mwenyewe ya utafiti. Katika shughuli, tatu ni mshiriki mzuri asiye na jambo la kumtofautisha, mbili ni aliyeongoza na kutambuliwa katika eneo lake, na moja ni aliyefika ngazi ya taifa au zaidi.

Chukua kipimo hicho ukitumie nyumbani, huku ukijizuia kupendelea. Kiranja mkuu ambaye kazi yake ilikuwa kupiga kengele ni tatu. Kiranja mkuu aliyepigania maji ya kisima yaingie bwenini na yakaingia ni mbili. Mshindi wa kitaifa wa maonyesho ya Wanasayansi Chipukizi Tanzania, au aliyeiwakilisha Kenya katika olimpiadi ya hisabati ya Afrika, anakaribia moja. Rundo la vyeti vya kuhudhuria semina, hata viwe ishirini, halimtoi mtu kwenye tatu.

Kuna jambo ambalo familia zetu hulipuuza kwa sababu kwetu ni la kawaida. Binti anayesoma huku akiuza duka la mama yake kila jioni, akiwalea wadogo zake wawili na kuwasimamia masomo, ana shughuli halali ya kuandika. Maelekezo ya Harvard yaliyofichuliwa katika kesi hiyo yalitambua wazi majukumu ya familia na kazi za kipato. Fomu ya Common Application, inayotumiwa kuomba vyuo vingi vya Marekani, ina nafasi 10 za shughuli, kila moja ikiwa na maelezo ya herufi 150 tu. Duka lile liwekwe, na saa zake za wiki ziandikwe kwa usahihi.

Insha ya maneno 650 siwezi kuikadiria kabla haijaandikwa, na mtu yeyote anayekwambia nafasi ya mtoto kabla ya kusoma insha yake amekadiria nusu ya faili.

Hatua ya tano: kagua kile ambacho shule itaandika

Barua nyingi za walimu wetu husema kwamba mwanafunzi ana nidhamu, bidii na anashirikiana na wenzake. Kwa msomaji wa Marekani barua hiyo ni tupu. Muulize mwalimu kama anakumbuka siku moja ambayo mwanafunzi huyu alimshangaza darasani. Akikumbuka, hiyo ndiyo barua. Shule pia itume wasifu wake wa ukurasa mmoja, ukieleza kwamba katika pointi za Tanzania namba ndogo ndiyo bora, kwamba pointi 7 ni kikomo cha juu kabisa, na ni wangapi waliifikia. Shule isiyoweza kuandika hayo inampunguzia mwanafunzi nafasi yake, naye hawezi kulirekebisha akiwa peke yake. Mzazi aende.

Hatua ya sita: andika makadirio

Sasa pitia chuo kimoja kimoja na uandike nafasi kwa upana, kamwe usiandike namba moja ya kujidai. Mimi hutumia ngazi nne: chini ya 1 kati ya 100, kati ya 1 na 3, kati ya 3 na 10, na zaidi ya 10. Chukua mfano wa kubuni: binti wa Mwanza, wa kwanza katika PCM yake, pointi 7, SAT 1470 yenye hesabu 770, shughuli za daraja la pili, familia isiyoweza kutoa chochote. MIT ningemwandikia kati ya 1 na 3. Amherst na Bowdoin, ambako kutokuwa na fedha hakuhesabiwi dhidi yake, kati ya 1 na 3 pia, labda zaidi barua za walimu zikiwa bora. Chuo kikubwa cha kundi la pili chenye H6 finyu, chini ya 1. Chuo kidogo cha kundi hilo hilo kinachowafadhili wageni wengi, kati ya 3 na 10.

Usijumlishe namba hizi. Vyuo 10 vyenye nafasi 3 kila kimoja havifanyi 30. Hata kama kila uamuzi ungejitegemea, nafasi ya kupata angalau kimoja ingekuwa takriban 26 kati ya 100, na maamuzi haya hayajitegemei, kwa kuwa faili linalosomwa kila mahali ni lile lile, lenye nguvu zile zile na kasoro zile zile. Nafasi ya kweli iko chini ya hapo.

Washauri wa Marekani hupenda orodha yenye vyuo vya ndoto, vya uwezekano na vya uhakika. Kwa mwanafunzi anayehitaji ufadhili kamili, chuo cha uhakika hakipo Marekani. Chuo chake cha uhakika ni Dar es Salaam, Muhimbili, Nairobi, Moi, na kiandikwe kwenye orodha ile ile kwa heshima ile ile. Na kama mtoto bado yuko kidato cha tatu au cha nne, kuna njia inayobadilisha hesabu yenyewe: kuomba nafasi yenye ufadhili katika shule za kimataifa za United World Colleges, ambazo moja iko Moshi na Arusha, kwa kuwa wahitimu wake wanaweza kusaidiwa na mpango wa ufadhili wa Davis katika vyuo vingi vya Marekani.

Hatua ya saba: viza na kalenda

Kupokelewa na kusafiri ni mambo mawili. Tangazo la Rais wa Marekani la Juni 2025 lilisimamisha viza za wanafunzi kwa raia wa Burundi, na lile la Desemba 2025 likaiingiza Tanzania kati ya nchi zilizowekewa vikwazo vya aina hiyo. Kinachotazamwa ni uraia, kwa hiyo Mtanzania anayesoma Nairobi huhesabiwa kuwa Mtanzania. Masharti haya hubadilika, na yasomwe upya kwenye tovuti ya ubalozi kabla ya kulipa ada yoyote.

Fanya tathmini mara mbili: mwezi Agosti, kabla ya orodha kukamilika, na tena katikati ya Desemba, majibu ya maombi ya mapema, yale yanayotumwa Novemba, yanapotoka. Majibu ya kawaida hufika mwishoni mwa Machi. Matokeo ya kidato cha sita hutoka Julai, ambapo dirisha la udahili wa vyuo vya Tanzania na maombi ya mkopo wa Bodi huwa na tarehe zake zisizomsubiri mtu. Mwanafunzi mwenye barua ya Marekani mkononi lakini asiye na viza kwenye pasipoti aombe humo kama kwamba barua ile haipo.